Kabla Ulipe Hiyo Ex-UK, Itisha Ripoti ya Betri

Leo nina neno na kila mtu anayepanga kununua laptopu, na pia na wale wanaotuuzia pale Bungoma mjini, hapa Kanduyi, mpaka Kitale. Tunauziwa laptopu kwa kuonyeshwa vitu ambavyo si shida yetu. Kile kitu ambacho ndicho shida yetu, hakuna anayekitaja.

Ingia duka lolote. Bosi atakuambia: Core i5, RAM ya 8, SSD ya 256, iko safi, haina mkwaruzo. Atafungua mfuniko, skrini iwake, video ya ngoma icheze, wewe macho yote yaende kwa skrini. Sasa angalia pale kando. Chaja imechomekwa, na imekaa kwa soketi tangu asubuhi. Muulize, "Na betri inakaa aje?" Atakujibu bila kupepesa jicho, "Betri iko poa, masaa matatu, manne hivi." Hayo matatu, manne, ameyahesabia wapi? Hajahesabu popote. Ni jibu tu, kama vile makanga husema imebaki mtu mmoja tutoke.

Na hii si stori ya kuchekesha, kwa sababu hiyo pesa huwa imetoka mbali. Huku kwetu laptopu ya kwanza ya mtoto anayeingia campo, iwe Kibabii ama Masinde Muliro, mara nyingi ni ng'ombe aliyeuzwa, ama magunia ya mahindi ya msimu mzima, ama zamu ya mama kwa chama iliyosubiriwa mwaka. Mzazi anaingia dukani na doo taslimu ndani ya bahasha, hajui RAM ni nini, anaamini kwa sababu muuzaji anaongea haraka. Halafu wiki ya pili mtoto anapiga simu: "Mathe, hii kitu stima ikipotea inazima papo hapo." Hapo mmenunua kompyuta ya mezani yenye mfuniko.

Stima kupotea si jambo la kubahatisha. Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, karibu Kenya nzima iliingia giza, hadi uwanja wa ndege wa JKIA, na sehemu nyingine walikaa saa nyingi sana bila. Ikarudia Novemba mwaka huo huo, ikarudia Desemba. Mei 2024 tena, Septemba 2024 tena. Hizo ni zile kubwa, zilizotoka kwa habari za kitaifa. Zile za transfoma ya kijijini na mti ulioanguka kwa waya hazitangazwi na mtu. Ukiishi Sang'alo ama Musikoma unajua: ikifika saa tisa mchana msimu wa mvua, wingu jeusi likitoka upande wa Mlima Elgon, kila mtu anakimbilia kuchaji simu. Radi ya kwanza, na stima kwaheri.

Kwa hivyo kwetu betri si kitu cha ziada. Ndiyo sehemu ya kwanza ya kuangaliwa. Prosesa yenye kasi haikusaidii kitu ikiwa asaimenti inafaa kutumwa usiku, ama kazi ya mtandaoni ya mteja wa Marekani ina makataa, na mashine imezimika ukiwa katikati ya sentensi.

Sasa, kwa nini betri za hizi ex-UK huwa zimechoka hivi, na mashine zenyewe zinang'aa kama mpya? Hapa ndipo watu wengi hushangaa. Hizo laptopu, HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad, zilikuwa za maofisi. Kampuni ilinunua mia mbili, ikazitumia miaka mitatu ama minne, ikabadilisha zote mara moja. Nyingi zilikaa juu ya meza moja, zimeunganishwa na umeme kutoka Jumatatu hadi Ijumaa. Ndiyo maana hazina mikwaruzo. Lakini betri ya lithiamu haipendi vitu viwili: joto, na kukaa imejaa pomoni muda mrefu. Kila seli ikijaa hufika volti 4.2 hivi, na kadiri inavyokaa huko juu ikiwa na joto, ndivyo kemikali zake za ndani zinavyozidi kuharibika pole pole. Kwa hivyo ile mashine unayoisifu kwamba "haikutumika sana" inaweza kuwa na betri iliyokufa kwa kushiba.

Halafu kuna kuchoka kwa kawaida. Betri nyingi za laptopu hushuka hadi kama asilimia 80 ya uwezo wake zikishapitia mizunguko 300 hadi 500 hivi ya kuchajiwa. Mzunguko mmoja ni asilimia 100 kwa jumla: ukitumia nusu leo na nusu kesho, hiyo ni mmoja. Si kila ukichomeka chaja, kama wengine wanavyodhani.

Habari njema ni kwamba mashine yenyewe inajua hali ya betri yake na haitaki hongo kusema. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, fungua lile dirisha jeusi, kisha andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter. Itakuambia imehifadhi faili wapi. Ifungue kama ukurasa wa intaneti. Tafuta mistari miwili. Wa kwanza ni DESIGN CAPACITY, yaani uwezo wa betri ikitoka kiwandani. Wa pili ni FULL CHARGE CAPACITY, uwezo iliobaki nao leo. Tuseme wa kwanza ni 46,000 na wa pili ni 21,000. Gawa: imebaki asilimia 45 hivi. Haichukui dakika mbili, haihitaji bando, na hakuna fundi anayefaa kukutoza chochote kwa hiyo.

Hizo namba ni miliwati-saa, na hesabu yake ni rahisi kuliko ya kidato cha kwanza. 46,000 ni wati-saa 46. Mashine ikila wati 8, utapata karibu saa sita. Ikila wati 15, saa tatu. Na ikiwa betri imebaki na 21, hiyo hiyo kazi ya wati 15 inakupa chini ya saa moja na nusu. Sasa unaona kwa nini "masaa matatu, manne hivi" ni maneno matupu: inategemea betri ina wati-saa ngapi na wewe unazila kwa kasi gani. Upande wa kwanza ni wa muuzaji kukuonyesha. Upande wa pili ni wako, na hapo ndipo naona tunalaumu betri hata kwa makosa ambayo si yake.

Prosesa ya laptopu huishi kwa kulala. Ukiandika, kati ya herufi moja na nyingine, yenyewe inasinzia mara nyingi sana, kwa vipande vya sekunde ambavyo huwezi kuhisi. Ikipewa kazi inaamka, inaikimbiza, inarudi kulala. Wahandisi walipanga hivyo makusudi, na tangu mwishoni mwa 1996 kuna kanuni moja, ACPI, iliyoandikwa na Intel, Microsoft na Toshiba, inayowezesha Windows ama Linux kuiambia mashine ni wakati gani wa kulala na kulala kiasi gani. Betri yako inakaa kulingana na vile prosesa inaruhusiwa kupata usingizi.

Na sisi hatuiruhusu. Msee ana kurasa thelathini zimefunguliwa, matangazo ya video yanacheza kwenye kurasa ambazo hata hazioni, WhatsApp iko wazi, muziki uko chini, programu mbili za kuzuia virusi zinapigana. Kila moja inaiamsha prosesa kila wakati. Ni kama nyumba yenye mtoto mchanga: hakuna anayelala, na asubuhi wote wamechoka. Funga. Kama unaandika ripoti, fungua ile ripoti tu. Pakua zile kurasa za kusoma mapema stima ikiwa, kisha zima Wi-Fi. Mashine ambayo ilikuwa inakula wati 12 inaweza kushuka hadi 6 ama 7 kwa kazi ya kuandika. Rudi kwa ile betri yetu mbovu ya wati-saa 21: kwa wati 12 ni saa moja na dakika arobaini na tano, kwa wati 6 ni saa tatu na nusu. Betri ni ile ile, imechoka vile vile, lakini umemaliza kazi.

Skrini ndiyo mlaji mwingine mkubwa. Shusha mwangaza hadi pale macho yako yanakubali, si pale inapopendeza kwa TikTok. Na kuna hii imani ya kuweka picha nyeusi nyuma ati kuokoa betri. Inafanya kazi kwa skrini za OLED, kama za simu nyingi, ambako nukta nyeusi ni nukta iliyozimwa. Ex-UK nyingi zina skrini za LCD. Hizo zina taa nyuma inayowaka muda wote, iwe picha ni nyeusi ama ni ya harusi ya binamu yako.

Kuna setingi moja ambayo wachache wanaijua. Prosesa ikikimbia kasi zaidi huhitaji volti zaidi pia, na ulaji wa nguvu hupanda kwa volti mara volti. Kwa hivyo ile kasi ya mwisho ya turbo ni ghali sana ukilinganisha na kile inachokuletea. Kwa mashine nyingi za zamani, ukiingia kwenye mipangilio ya nguvu ya ndani, sehemu ya prosesa, unakuta Maximum processor state. Upande wa betri, weka 99 badala ya 100. Hiyo moja tu inazima turbo ukiwa bila stima. Word haitajua tofauti. Ukicheza FIFA utajua, lakini kwani wewe unacheza FIFA kwa giza na asaimenti haijaisha?

Halafu kuna kulala kwa mashine yenyewe, na hapa nina ugomvi na watengenezaji. Ukifunga mfuniko, laptopu hulala, lakini si usingizi mzito. RAM bado inalishwa umeme, na mashine mpya mpya zina usingizi wa mtindo wa simu: zinaamka zenyewe kuangalia mtandao. Umeifunga Kanduyi stendi ikiwa na asilimia 90, umeiweka ndani ya begi, begi chini ya kiti, safari ya Nairobi ni saa nane hivi. Ikiamka humo ndani, haina hewa, inapata joto kama mkate. Unashuka Nairobi unakuta asilimia 40, ama imezima kabisa. Dawa ni ile inayoitwa hibernate, ambayo mimi naiita kulala fofofo. Mashine inaandika kila kitu kilichokuwa kwenye RAM ndani ya SSD, kisha inazimika kabisa. Ukiiwasha, kazi yako iko pale pale ulipoiacha. Ikiwa huioni kwenye menyu, fungua lile dirisha jeusi kama msimamizi, andika powercfg /hibernate on, kisha uende kwa mipangilio ya nguvu uipe nafasi kwenye menyu ya kuzima.

Na kwa sisi wenye betri zilizochoka, kuna jambo la maana zaidi. Windows imepangwa kulala fofofo yenyewe betri ikifika karibu asilimia 5. Hiyo ni kwa betri nzima. Betri iliyochoka hudanganya: inasema imebaki 20, ukifungua kitu kizito kidogo volti inaporomoka, mashine inazima ghafla na kazi inapotea. Kwa hivyo pandisha hicho kiwango hadi 15 ama hata 20, kulingana na vile yako inavyodanganya. Afadhali ilale mapema na kazi yako ikiwa salama.

Sasa kuna lile suala la asilimia 80. Ukitazama video za Wazungu wanaojua mambo haya, wote wanasema usichaji hadi 100, weka kikomo cha 80. Na wako sawa kabisa kuhusu kemia. Nimeshaeleza betri inavyokufa kwa kushiba. HP, Dell na Lenovo wameweka hiyo setingi, kwingine iko kwenye BIOS, kwingine kwenye programu yao. Lakini huo ushauri umetoka kwa mtu ambaye stima yake haijapotea tangu Krismasi iliyopita. Kwake hiyo asilimia 20 haina kazi. Kwangu ndiyo saa moja ya kumalizia kazi. Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: kama unakaa mahali stima ni nzuri, ama laptopu yako haitoki mezani, weka 80. Msimu wa mvua, ama wiki ya mitihani, ondoa kikomo, ijaze kufikia saa nane mchana, na radi ikianza chomoa chaja kabisa. Stima ikirudi, ipe dakika chache itulie kabla hujachomeka. Betri ni ya kutumika. Ukiihifadhi sana mpaka ukakosa kutuma kazi, umeihifadhia nani?

Najua kuna wale watasema, "Buda, nunua sola tu." Sawa, tuhesabu. Ile paneli ndogo ya wati 8 ama 10 iliyo juu ya mabati ya watu wengi kijijini, ya taa na simu, kwa saa tano za jua kali inatoa wati-saa 40 hadi 50 ikiwa kila kitu kimeenda sawa. Hiyo ni betri moja ya laptopu, na nyumba nzima imekaa giza usiku ili wewe uandike. Halafu chaja nyingi za laptopu zinatoa volti 19 hivi, sola yako ni ya 12, unahitaji inveta, na inveta nayo inakula fungu lake. Sola kubwa, ndiyo, inaweza. Lakini hiyo ni bei ya laptopu nyingine.

Kinachoniudhi ni kwamba si lazima mashine ziwe hivi. Mwaka wa 2007 ilitoka XO, ile laptopu ndogo ya kijani na nyeupe ya mradi wa One Laptop per Child, ambayo majirani zetu Rwanda walisambaza zaidi ya laki mbili shuleni. Ilitengenezwa kwa watoto wasio na stima ya uhakika, kwa hivyo skrini yake ilisomeka hata juani taa ikiwa imezimwa, na iliweza kubaki na maandishi yake huku prosesa imelala kabisa. Mradi ulikuwa na shida zake nyingi, sikatai, lakini huo uhandisi ulikuwa wa heshima. Na Nairobi, 2013, watu waliotokana na Ushahidi walichangisha pesa Kickstarter wakatengeneza BRCK, kifaa cha intaneti chenye betri ya saa nane, kwa sababu walichoka kukatikiwa mtandao kila stima ikienda. Walianza na swali letu. (Sisi tuliahidiwa laptopu za darasa la kwanza kwenye kampeni za 2013, zikaja 2016 zikiwa tableti. Mimi nilikuwa nishapita darasa hilo. Tuendelee.)

Laptopu inayokuja kwetu kutoka Uingereza imewekewa setingi za ofisi ya Uingereza. Mwangaza juu, turbo wazi, kulala nusu nusu, kila kitu kikiamini kwamba soketi haitaisha umeme. Ikifika Bungoma inapigwa brashi, inawekewa stika ya i5, inauzwa na setingi zile zile. Na hata vyuo vinavyofundisha kompyuta huku vinaanza na Word, vinaingia Excel, vinamaliza na PowerPoint, bila somo hata la saa moja kuhusu mashine inavyokula nguvu. Mwanafunzi anamaliza na cheti, na bado hajui kulala na kulala fofofo ni vitu viwili.

Kwa wauzaji: sisemi muache kuuza ex-UK. Ni mashine nzuri, nyingine ni ngumu kuliko mpya za bei hiyo, na bila hizo wengi wetu hatungekuwa na kitu. Sisemi pia kila betri iwe asilimia 100, haiwezekani kwa kitu cha mkono wa pili. Nasema mchapishe huo ukurasa wa kwanza wa ripoti na mubandike juu ya mfuniko, kando ya ile stika ya RAM. Yenye 85 iuzwe kama ya 85. Yenye 40 ishushwe bei kiasi cha betri mpya, mnunuzi achague mwenyewe. Kuna mnunuzi wa saiba ambaye atakaa kwa soketi milele na hiyo ya 40 inamtosha kabisa.

Kwa mnunuzi: enda mchana, na uende na mtu anayejua kuandika ile amri. Chomoa chaja wewe mwenyewe, kwa heshima. Acha video icheze dakika ishirini huku mkipiga bei, na uangalie asilimia imeshuka ngapi. Ikishuka 10, sawa. Ikishuka 40, umeona mwenyewe. Kama wanasema betri ni mpya, pitisha kidole juu ya padi ya kugusa: ikiwa imeinuka ama haibonyezeki, kuna betri iliyovimba chini yake, na hiyo usiichukue hata kwa zawadi, kwa sababu ikitobolewa inaweza kushika moto. Na kama ni ThinkPad T470 ama ndugu zake wa miaka ile, kumbuka nyingi zina betri mbili, moja ndani, moja nyuma inayotoka. Ripoti itaonyesha zote mbili. Muuzaji mwerevu atakuonyesha ile ya nyuma tu.